Kipimo cha kupuliza: pumzi inavyowataja bakteria wa tumboni

Shemeji yangu alimaliza dozi yake ya kwanza ya "vidonda vya tumbo" bila kuruka hata kidonge. Siku kumi na nne, asubuhi na jioni, mdomo umejaa ladha ya chuma, chakula hakipandi. Maumivu yakatulia. Miezi miwili baadaye akaenda kuhakikisha: akatobolewa kidole, tone la damu likawekwa kwenye kile kipimo cha mistari, mistari ikatoka miwili. Akaandikiwa dozi ya pili. Akaimaliza. Akapima. Mistari miwili tena. Aliponipigia simu alikuwa na dozi ya tatu mezani, haijafunguliwa, na swali lake lilikuwa moja: "Hivi hawa wadudu ni wa chuma?"

Inawezekana kabisa kwamba wadudu walishakufa tangu dozi ya kwanza. Kile kipimo cha damu hakiwatafuti bakteria wenyewe. Kinatafuta kingamwili, yaani askari ambao mwili uliwatengeneza ulipokutana na bakteria anayeitwa Helicobacter pylori. Vita ikiisha, askari hawa hawarudi nyumbani siku hiyo hiyo; hubaki kwenye damu kwa miezi mingi, mara nyingine miaka. Kwa hiyo kumpima damu mtu aliyekwisha kutibiwa ni sawa na kumkagua makovu ili ujue kama leo kapigwa. Makovu utayaona, ila swali lako hayajibu.

Anachohitaji mtu kama shemeji ni kipimo kinachouliza jambo jingine: je, muda huu, kuna bakteria hai tumboni? Vipimo vya kuuliza hivyo vipo vichache, na kimojawapo ni cha ajabu kidogo, kwa sababu unaletewa kifuko, unaambiwa puliza, unakunywa kitu, unasubiri, unapuliza tena, basi. Hakuna sindano wala kamera ya kushuka kooni. Watu wengi wakielezwa hawaamini. Bakteria yuko tumboni, pumzi inatoka mapafuni. Wapi na wapi?

Tuanze na mbolea

Mkulima yeyote aliyewahi kuweka urea shambani anajua onyo hili: ifukie. Ukiimwaga juu ya udongo wenye unyevu na kuiacha kwenye jua, sehemu ya pesa yako itapaa angani. Harufu ile kali inayopanda puani ni amonia. Urea yenyewe haina harufu; bakteria wa udongoni ndio wanaoivunja, kwa kutumia kimeng'enya kiitwacho urease, na inapovunjika hutoa vitu viwili, amonia na hewa ukaa. Harufu ya choo cha shimo au ya nepi iliyosahaulika usiku kucha inatokana na jambo lilelile, kwa sababu urea ipo pia kwenye mkojo. Ini letu huitengeneza kila siku kutokana na mabaki ya protini, figo zikaitoa nje.

Sasa shika neno moja: sisi binadamu hatuna urease. Seli zetu zinaweza kutengeneza urea, haziwezi kuivunja. Ukimeza urea kidogo na tumbo lako halina mgeni, urea hiyo itaingia kwenye damu na kutoka kwa mkojo ikiwa nzima kama ilivyoingia.

Helicobacter pylori anayo urease, tena kwa wingi usio wa kawaida, na anaihitaji ili aishi. Tumbo ni mahali pa tindikali kali. Bakteria wengi wanaoingia na chakula hufia humo. Huyu, mwenye umbo la kujinyonganyonga na mikia ya kuogelea, anachukua urea iliyomo tumboni, anaivunja, na amonia inayotoka inapoza tindikali inayomzunguka. Anajijengea wingu dogo la usalama, kisha anaogelea hadi ndani ya ute unaofunika ukuta wa tumbo na kukaa humo, miaka na miaka. Wengi wetu tulimpata utotoni, ndani ya familia, kwa njia ya mdomo, kabla hatujajua hata kuhesabu.

Hiyo amonia ni kwa faida yake. Ile hewa ukaa ni takataka, anaitupa. Inapenya ukuta wa tumbo, inaingia kwenye damu, inafika mapafuni, inatoka unapohema. Hapo ndipo tumbo na mapafu vinapokutana.

Kwa nini ilichukua muda mrefu

Kinachonishangaza ni kwamba dalili hii ilikuwa mezani tangu zamani. Mwaka 1924 watafiti wawili, Luck na Seth, waliripoti kuwa kuna urease tumboni. Kwa miongo kadhaa iliaminika kwamba ni ya tumbo lenyewe. Mwishoni mwa miaka ya 1950 madaktari waliona kwamba ukimpa mgonjwa antibiotiki, amonia ya tumboni inapotea, jambo ambalo leo linapiga kelele kuwa kuna bakteria humo. Lakini vitabu vilisema tumbo ni tindikali tupu, hakiishi kitu, na vitabu vikashinda.

Ilibidi kusubiri Perth, Australia. Kuanzia 1979 mtaalamu wa patholojia Robin Warren alikuwa akiona bakteria waliopinda kwenye vipande vya nyama vilivyokatwa kwenye matumbo ambayo ukuta wake umevimba. Mwaka 1981 akaungana naye daktari kijana, Barry Marshall. Walijaribu kuwaotesha bakteria hao maabara, sahani baada ya sahani, bila mafanikio, hadi Pasaka ya 1982, pale sahani zilipoachwa siku nyingi kuliko kawaida kwa sababu ya sikukuu. Waliporudi walikuta wameota. Bakteria hawa wanakua polepole. Siku zote sahani zilikuwa zikitupwa mapema mno. Mwaka 1984 Marshall alikunywa kikombe cha bakteria hao ili athibitishe, ukuta wa tumbo lake ukavimba, akatapika, na pumzi yake ikaanza kunuka. Mwaka 2005 wawili hao walipewa Tuzo ya Nobel ya tiba.

Pumzi kunuka, niseme mapema, si kipimo. Wapo watu wengi wenye harufu mdomoni kwa sababu ya meno tu.

Bakteria alipojulikana, na urease yake ikajulikana, wazo la kupima pumzi lilikuja haraka. Kufikia 1987 vikundi vya watafiti, kimoja kikiwa cha David Graham huko Houston, Marekani, vilikuwa vimekwisha kuchapisha namna ya kulifanya.

Kaboni yenye alama

Tatizo lilikuwa hili: pumzi ya kila mtu imejaa hewa ukaa. Utajuaje ipi imetoka kwa bakteria na ipi imetoka kwenye wali uliokula? Jibu ni kuitia urea alama.

Chembe za kaboni hazina uzito mmoja. Karibu zote zina uzito wa 12, lakini kama 1.1 kwa kila mia zina nyutroni moja zaidi, uzito wake 13. Kaboni 13 haitoi mionzi, haina madhara, na iko ndani ya miili yetu sote tangu kuzaliwa. Kiwandani hutengenezwa urea ambayo kaboni yake karibu yote ni ya aina hiyo nzito. Dozi yake ya kawaida ni miligramu 75 au 100. Miligramu 75 ni kama sehemu moja ya hamsini ya kijiko cha chai cha sukari, ilhali ini lako linatengeneza urea yake, gramu ishirini na zaidi, kila siku. Mwili hautaona tofauti. Mashine ndiyo itakayoiona.

Ukiwa na bakteria, wataivunja urea hii bila kujua kwamba wametegwa, na baada ya dakika 15 hadi 30 hewa ukaa yenye kaboni nzito itaongezeka kwenye pumzi yako. Kama huna, haitaongezeka.

Ongezeko lenyewe ni dogo mno. Katika molekuli milioni moja za hewa ukaa unazohema, kama 11,000 hivi zina kaboni nzito. Mpaka unaotumika kwenye maabara nyingi ni ongezeko la sehemu nne kwa elfu, maana yake kutoka 11,000 kwenda 11,044. Mashine inahesabu hao 44. Mashine nyingine hufanya hivyo kwa kuzipima molekuli uzito, nyingine, ndogo na nafuu zaidi, kwa kupitisha mwanga wa infraredi ndani ya pumzi, kwa kuwa molekuli nzito na nyepesi hazinyonyi mwanga kwa namna moja.

Kila kipimo kinahitaji jiwe la mizani, na la hapa lina kisa chake. Kiwango cha kulinganishia kaboni hii kilitokana na visukuku vya mnyama wa baharini wa kale, jamaa wa ngisi, vilivyochimbwa kwenye miamba ya Pee Dee, South Carolina. Kwa hiyo pumzi ya mtu wa Temeke, ikipita kwenye mashine, inalinganishwa kimahesabu na ngisi aliyekufa enzi za majitu ya mijusi.

Na hapa ugali unaingia. Mahindi, mtama, ulezi na muwa hunasa kaboni ya hewani kwa njia tofauti na mpunga, ngano, muhogo na maharage, na kwa sababu hiyo huwa na kaboni nzito nyingi zaidi. Nyingi kwa mbali. Anayekula ugali wa sembe mchana na usiku, chai yenye sukari ya miwa asubuhi, hupumua kaboni nzito nyingi kuliko anayeishi kwa wali na mkate, hata kama wote wawili hawana bakteria hata mmoja. Tofauti yao inaweza kuwa mara mbili ya ule mpaka wa nne, au zaidi. Kama mashine ingepima pumzi moja tu, nusu ya Afrika Mashariki ingeambiwa ina maambukizi kwa kosa la kula ugali.

Ndiyo maana vifuko ni viwili. Cha kwanza hupulizwa kabla ya kunywa urea, na hicho ndicho kinachobeba ugali wako. Cha pili hupulizwa baadaye. Jibu ni tofauti kati ya viwili: unalinganishwa na wewe mwenyewe wa nusu saa iliyopita. Mashine huandika namba kwa sehemu za elfu, na alama ya kutoa maana yake ni chini ya kile kiwango cha ngisi. Tuseme mla ugali kaanzia −16 na akamaliza −15.4, ongezeko ni 0.6, hana. Mla wali kaanzia −24, akamaliza 1. Ongezeko ni 25, anao. Namba ya kuanzia haina maana yoyote peke yake.

Hii inaeleza pia kwa nini unaambiwa uje bila kula. Ukinywa uji wa ulezi saa moja kabla, au soda yenye sukari, kaboni ya chakula hicho itaanza kupanda kwenye pumzi katikati ya kipimo, na mashine haiwezi kujua kwamba ni uji. Funga angalau saa nne hadi sita. Wengi huona rahisi kuja asubuhi na tumbo tupu. Maabara nyingine humwambia mgonjwa aache vyakula vya mahindi tangu jana yake. Si ushirikina, ni kemia.

Utakavyoona siku yenyewe

Unafika, unapuliza kifuko cha kwanza. Unapewa urea, ama iliyochanganywa kwenye maji ama kwenye kidonge. Mara nyingi huja pamoja na kinywaji kichachu chenye asidi ya sitriki, ile ile ya limau. Uchachu huo una kazi: unachelewesha tumbo kujimwaga, hivyo urea inakaa muda wa kutosha na bakteria, na unawachochea wafanye kazi kwa bidii. Kidonge kimeze kizima, usikitafune, maana mdomoni nako wapo bakteria wengine wenye urease ambao wanaweza kuharibu jibu. Kaa umetulia, usivute sigara, usile. Muda ukitimia, vuta pumzi, ishikilie kidogo, kisha puliza kifuko cha pili, ile pumzi ya mwisho mwisho inayotoka ndani hasa ya mapafu.

Ipo aina nyingine inayotumia kaboni 14, ambayo ina mionzi. Neno hilo linawatisha watu, na ni haki yao kuuliza. Kiasi kinachotumika kwenye kidonge cha kawaida ni kidogo kiasi kwamba mionzi utakayopata ni chini ya ile ambayo ardhi na anga vinakupa bure kwa siku moja. Hata hivyo wajawazito na watoto hawapewi. Wao wapimwe kwa kaboni 13 au kwa kipimo cha choo kikubwa. Faida ya kaboni 14 ni kwamba kimaumbile karibu haipo kwenye pumzi, hivyo ugali hauna nafasi ya kuvuruga. Baadhi ya vifaa vyake hukusanya pumzi kwa kadi inayobadilika rangi, na hapa watu hujidanganya: rangi inapobadilika inaonyesha tu kwamba umepuliza vya kutosha. Jibu linatoka kwenye mashine, kwa hiyo usiondoke umenuna kwa sababu ya rangi.

Kikifanywa sawasawa, usahihi wa kipimo hiki ni karibu asilimia 95, kwa kukamata walionao na kwa kuwaachia wasionao. 

Omeprazole, shahidi wa uongo

Maneno "kikifanywa sawasawa" yamebeba mzigo mkubwa, na mzigo huo una jina: omeprazole. Na ndugu zake, esomeprazole, pantoprazole, lansoprazole, wote wa ukoo wa dawa za kuzuia tindikali.

Sidhani kama ipo dawa nyingine inayomezwa kiholela kama hii. Inauzwa kila duka la dawa, watu wanaibeba kwenye pochi, wanaimeza kabla ya nyama choma kama dua ya safari. Mtu huyo huyo akienda kupuliza, anaweza kupewa jibu la "huna" ilhali anao tele.

Sababu inavutia. Urease ya bakteria huyu imejificha ndani ya mwili wake, na urea huingia kupitia kijilango maalumu. Kijilango hicho hufunguka tu pale nje kunapokuwa na tindikali kali, kwa sababu hapo ndipo anapohitaji kujikinga. Omeprazole inapoituliza tindikali, kijilango kinafungwa, urea inabaki nje, hewa ukaa yenye alama haitoki. Juu ya hapo dawa hizi hupunguza idadi ya bakteria na kuwafanya wahamie sehemu za juu za tumbo. Hawajafa. Wamenyamaza. Ukiacha dawa, baada ya siku kadhaa wanarudi kazini kama kawaida. Miongoni mwa watu wenye bakteria wanaopimwa wakiwa bado wanatumia dawa hizi, kati ya mmoja na wanne katika kila kumi wanaweza kupata jibu hasi la uongo.

Kwa hiyo sheria ni hii: wiki mbili bila omeprazole na ndugu zake, na wiki nne bila antibiotiki yoyote na bila dawa yenye bismathi, madini yanayotiwa kwenye baadhi ya dawa za tumbo. Antibiotiki yoyote, hata ile uliyopewa kwa jino au kwa mkojo kuunguza, kwa sababu inaweza kuwapunguza bila kuwamaliza. Wiki mbili ni ndefu kwa mwenye kiungulia. Vidonge vya kutafuna vya magnesium na vya aina hiyo, mradi havina bismathi, vinaruhusiwa katika kipindi hicho; siku ya kipimo yenyewe viache. Na usiache omeprazole kwa kuamua mwenyewe kama ulipewa kwa sababu ya kidonda kilichotoka damu au kwa kuwa unatumia aspirini ya moyo. Hapo zungumza kwanza na daktari, zipo njia nyingine.

Kosa linaloelekea upande wa pili, kuambiwa unao wakati huna, ni nadra. Hutokea kwa watu ambao tumbo lao limepoteza tindikali na kuruhusu bakteria wengine wenye urease kuota, au pale maji ya urea yanapokaa mdomoni. Kwa watoto wadogo, chini ya miaka sita hivi, kipimo pia huyumba zaidi. Na kama kidonda kinatoka damu wakati huo huo, vipimo vingi, si hiki tu, hushindwa kuwaona, hurudiwa baadaye.

Kipimo cha pili ndicho chenye uzito

Watu wakisikia habari hizi hufikiri kwamba kupuliza ni kwa ajili ya kugundua ugonjwa. Ni kweli, kinafaa. Lakini mimi ningekuwa na pesa ya kupuliza mara moja tu maishani, ningeihifadhi kwa baada ya tiba.

Tiba ya huyu bakteria hushindwa mara nyingi kuliko tunavyokiri. Dozi iliyozoeleka, ya omeprazole, amoksilini na klarithromaisini, ilikuwa mwanajeshi hodari miaka ya 1990. Tangu hapo bakteria wamejifunza. Usugu dhidi ya klarithromaisini umeenea kiasi kwamba mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani lilimweka bakteria huyu sugu kwenye orodha ya vimelea vinavyohitaji dawa mpya kwa kipaumbele cha juu. Metronidazole nayo, ambayo huku kwetu hunywewa kwa kila tumbo linalokata, imekutana na bakteria waliokwisha kuizoea. Ndiyo maana miongozo mipya imeelekea kwenye dozi ya dawa nne, yenye bismathi, tetrasaiklini, metronidazole na kizuia tindikali, kwa siku kumi hadi kumi na nne.

Maumivu kupungua hakuthibitishi chochote. Ndani ya dozi ile mna omeprazole, na omeprazole peke yake itatuliza maumivu hata kama bakteria wote wako salama. Kinyume chake nacho ni kweli: bakteria wanaweza kuisha na tumbo likaendelea kuuma kwa sababu nyingine. Kipimo cha damu, tumeshaona, hakisaidii. Kwa hiyo bila kipimo cha pumzi au cha choo baada ya tiba, mgonjwa na daktari wake wote wanabahatisha.

Subiri angalau wiki nne tangu umeze kidonge cha mwisho cha antibiotiki. Kwa nini usiende mapema, wakati una hamu ya kujua? Kwa sababu dawa inaweza kuwa imewaua bakteria tisini na tisa katika kila mia na kumwacha mmoja. Wiki moja baadaye huyo mmoja hatoi hewa ya kuonekana, utaambiwa umepona. Ukimpa mwezi, naye atakuwa amezaliana, na mashine itamwona. Ile wiki nne ni mtego wa pili: unampa adui nafasi ya kujitokeza, kama bado yupo.

Jibu likiwa chini ya mpaka, imekwisha. Kwa waliopona namba huwa karibu na sifuri. Likiwa jirani sana na mpaka, rudia. Likiwa juu, dozi imeshindwa, na hapo kosa kubwa ni kurudia dozi ile ile. Klarithromaisini iliyoshindwa mara ya kwanza haipewi nafasi ya pili. Daktari hubadilisha mchanganyiko. Na usiisome namba kama kipimo cha ukubwa wa ugonjwa: mwenye 30 hana kidonda kikubwa kuliko mwenye 10.

Kama huwezi kupuliza

Mashine hizi ziko zaidi mijini, kwenye hospitali kubwa na maabara binafsi, na bei yake si ya kila mfuko. Mbadala wa karibu ni kipimo cha choo kinachotafuta antijeni, yaani vipande vya bakteria mwenyewe, si kingamwili. Nacho kinauliza swali la leo, kinafaa kugundua na kinafaa kuthibitisha kupona, na masharti yake ni yale yale ya wiki mbili na wiki nne. Ni nafuu, kinafanyika hata mbali na mji, na kikwazo chake kikubwa ni aibu ya kubeba kichupa. Ukiandikiwa kipimo cha "pylori", uliza basi: ni cha damu au cha choo? Swali hilo moja lingemwokolea shemeji dozi nzima.

Kamera ni jambo jingine. Pumzi inaona bakteria, haioni kidonda wala uvimbe. Anayetapika damu, anayepata choo cheusi kama lami, anayekonda bila sababu, anayekwama chakula kooni au aliyepungukiwa damu, huyo asipoteze wiki mbili kwa kujiandaa kupuliza. Aende akaangaliwe kwa kamera.

Kuna neno moja la mtaani ambalo lazima nilivunje. Kuwa na pylori si kuwa na vidonda vya tumbo. Makadirio yaliyochapishwa mwaka 2017 yalisema watu kama bilioni 4.4 duniani wanaye, na Afrika ndiyo inayoongoza, karibu watu saba kwa kila kumi. Wengi wao watazeeka naye bila kujua. Watakaopata vidonda ni kama mmoja au wawili kwa kila kumi. Wachache zaidi hupata saratani ya tumbo, na kwa hatari hiyo bakteria huyu aliwekwa tangu 1994 kwenye kundi la kwanza la visababishi vya saratani. Na vipo vidonda ambavyo bakteria hahusiki kabisa, vilivyochimbwa na diklofenaki, ibuprofeni na aspirini zinazomezwa kila siku kwa ajili ya mgongo na magoti. Anayepima pylori bila kuulizwa anameza nini kwa maumivu, amepimwa nusu.

Shemeji hakufungua dozi ya tatu. Kwa kuwa alikuwa amemaliza antibiotiki zaidi ya wiki nne nyuma, kilichobaki ni kuiacha omeprazole kwa wiki mbili, wiki ambazo alinilaumu kila siku kwa ujumbe wa simu, huku akitafuna magnesium kama karanga. Asubuhi ya kumi na tano alikwenda na tumbo tupu, akapuliza, akanywa maji machachu, akapuliza. Namba ilikuja 0.4. Alinitumia picha ya karatasi na kuuliza kama sifuri nukta nne ni kubwa.

Kiungulia bado anacho. Siku hizi kinajulikana ni tindikali inayopanda kooni, hasa akila saa nne usiku na kulala, na kwa hilo ana dawa nyingine na ugomvi mwingine na dada yangu.